Gari limepita kilometa laki mbili: kipi ubadilishe mapema, kipi usikiguse

Gari linawaka vizuri, halitoi moshi, halichemshi. Ila dashibodi inasoma kilometa 240,000 na kila anayepanda anakupa ushauri wake: badilisha ringi za pistoni, badilisha cheni, tia injini nyingine kabla hii haijakuacha Hale usiku. Wenye Probox, IST, Noah na Hiace hapa Tanga wanaleta swali hilo gereji kila wiki, na wengi wanalileta wakiwa wameshapewa bei na mtu ambaye hata boneti hakufungua.

Msimamo wangu ni huu: injini haifunguliwi kwa sababu ya namba. Zipo spea chache ambazo zikikatika zinaua injini bila kukuambia neno, na hizo zibadilishe mapema hata kama gari linaimba. Zilizobaki karibu zote zinasema kabla hazijafa. Zisikilize, zipime, halafu ndiyo uende dukani.

Na namba yenyewe usiiamini sana. Kilometa za magari ya mtumba zinarudishwa nyuma, hilo kila mtu analijua. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na ubavu wa kiti cha dereva. Gari linalodai kilometa 80,000 huku pedali imeliwa hadi chuma linakudanganya. Tena kilometa za barabara kuu hazilingani na za mjini. Gari lililozoea kwenda Horohoro na kurudi kwa mwendo wa kutulia linaweza kuwa na injini bora kuliko teksi yenye nusu ya kilometa zake, inayoshinda Ngamiani imesimama na AC inafanya kazi. Injini ikiwaka gari limesimama, mita ya kilometa haihesabu chochote, ila ringi na beringi zinaendelea kulika.

Dalili: hakuna dalili

Kwa injini ya mkanda, hii ndiyo hali ya kuogopa kuliko zote. Taimingi belti, mkanda unaounganisha kranki na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake, ni mpira wenye nyuzi ndani yake. Unazunguka ndani ya kava, huuoni, haupigi kelele, na siku ya kukatika hauagi. Gari linazima ghafla mwendoni, ukipiga stata injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, wala haishiki.

Hasara inategemea injini. Kwa injini ya 3S-FE ya Noah za zamani na Rav4 za mwanzo, au 4A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina, kwa kawaida valvu hazigusani na pistoni mkanda ukikatika. Utavutwa hadi gereji, utafunga mkanda mpya, utaendelea na safari. Dizeli ni habari nyingine kabisa. Injini za 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux, 1KZ ya Prado na Surf, 1HZ ya Land Cruiser, 1KD ya Hiace na Prado za baadaye, zote ni za mkanda, na pistoni zake zinapanda hadi karibu kabisa na hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu. Mkanda ukikatika, valvu zinapinda hapo hapo, na pesa ambayo ingenunua mkanda mara kadhaa inaishia kwenye hedi. Subaru nyingi za EJ na Mitsubishi nyingi za 4G ziko kundi hilo hilo.

Mikanda mingi ya Toyota hizi imepangiwa kilometa 100,000. Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na joto letu la pwani haliusaidii. Kwa hiyo kama umenunua gari na hakuna karatasi wala stika yenye tarehe na kilometa za kubadilishwa mkanda, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Wenye dizeli watasema taa ya T-BELT haijawaka. Taa hiyo inahesabu kilometa tu, na inaweza kurudishwa sifuri bila mtu kugusa mkanda. Ikiwaka, itii. Isipowaka, usiichukulie kuwa ushahidi.

Ukitaka kuchungulia, kava ya juu mara nyingi inashikwa na boliti chache za spana namba 10. Mkanda wenye nyufa mgongoni, nyuzi zinazochomoza pembeni, meno yaliyolika au uliolowa oili umekwisha, uondoe. Mkanda unaoonekana mzima lakini hujui umri wake, uondoe vilevile, maana kwa macho hauwezi kuupasisha.

Ukiubadilisha, badilisha pamoja nao tenshena, puli ya aidla na oili sili za kamshafti na kranki. Kwa injini ambazo mkanda huo huo ndio unaozungusha wata pampu, kama 3S, badilisha na pampu. Sababu ni ufundi: kazi yote iko kwenye kufungua. Pampu ikianza kuvuja miezi michache baadaye, utalipa kufungua upya, na maji yake yatakuwa yameshaulowesha mkanda mpya. Mwambie fundi akukabidhi vya zamani mkononi.

Simama hapa: kufunga taimingi si kazi ya kujifunzia kwenye gari lako, hasa dizeli. Na fundi yeyote, hata mzoefu, lazima azungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuhakiki alama kabla ya kugusa swichi. Akitaka kupiga stata moja kwa moja, mzuie.

IST, Probox, Raum za kizazi cha pili na magari mengine ya 1NZ, pamoja na ya 1ZZ, yanatumia cheni badala ya mkanda. Cheni haibadilishwi kwa kilometa. Inabadilishwa ikilalamika, na nitaifikia kwenye kelele.

Vingine vya kubadilisha bila kusubiri ni vya bei ndogo: hosipaipu za rejeta zilizokauka au kuvimba, kifuniko cha rejeta na feni belti. Vikifa njiani, gharama yake haitafanana na bei yake ya dukani.

Dalili: temperecha inapanda

Kabla ya kutaja spea, jiulize inapanda saa ngapi. Jibu la swali hilo linakupunguzia nusu ya kazi.

Inapanda ukiwa umesimama na AC, halafu inashuka ukishika mwendo kuelekea Pongwe? Hapo mtuhumiwa ni feni. Gari likiwa na joto, washa AC na utazame kama feni inazunguka. Haizunguki: anza na fyuzi na rilei, kisha waya na soketi, mota ya feni iwe mwisho. Hewa ya chumvi inakula soketi zetu hadi zinaota unga wa kijani, na gari la kushinda Raskazone au la kubeba samaki kutoka Kigombe linaumwa ugonjwa huu mapema kuliko mengine. Mara kadhaa mota inabadilishwa bure wakati pini moja ingesafishwa tu.

Inapanda kwenye mlima au mwendo mkali, mjini haina neno? Hapo maji hayapiti vya kutosha au rejeta haipozi. Kipimo cha uhakika tulichojaliwa mkoa huu ni kipande cha Mombo hadi Lushoto kupitia Soni: kilometa 30 na kitu, kona tupu, na mwinuko unaokaribia mita 1,000. Gari lenye mfumo mbovu wa kupoza halifiki Soni bila kukuambia.

Sababu zenyewe, kuanzia tunazozikuta zaidi:

Maji yamepungua kwa uvujaji. Kagua asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, na ufungue rejeta yenyewe, usiridhike na mtungi wa pembeni. Mtungi unaweza kuwa umejaa wakati rejeta ni kavu, hasa kifuniko kikiwa kimechoka. Fuata alama za chokaa jeupe au rangi ya kulenti (dawa ya maji ya rejeta) kwenye maungio ya hosi, chini ya wata pampu na pembeni mwa rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu.

Kifuniko cha rejeta. Kazi yake ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukikakamaa, maji yanachemka mapema na kumwagika. Badilisha kwa chenye presha ile ile iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, usikadirie.

Rejeta imeziba. Hapa lawama nyingi ni zetu wenyewe na maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji hayo yakichemka kila siku yanaacha magamba. Ukikata rejeta iliyonyweshwa maji ya kisima miaka kadhaa, utakuta matope ya rangi ya kutu yameganda kwenye tangi la chini, na vitundu vya mirija vimezungukwa na chokaa gumu ambalo bisibisi inalikwaruza bila kuling'oa. Rejeta ya namna hiyo haioshwi ikapona. Weka mpya, safisha mfumo, kisha tia kulenti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kulenti si rangi ya kupendezesha. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Thermostati. Imekwama ikiwa imefunga: hosi ya juu ina moto, ya chini imebaki ya baridi, na mshale unapanda. Gereji nyingi dawa yake ni kuitoa na kuitupa, mwenye gari anaambiwa "nchi yetu ya joto, haihitajiki". Sikubaliani nalo hata kidogo. Injini isiyo na thermostati inachelewa kufika joto lake la kazi, inakunywa mafuta zaidi, na oili inachafuka haraka. Kuna injini ambazo thermostati hiyo hiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka mlimani kuliko mwanzo. Toyota nyingi zinatumia inayoanza kufungua kwenye nyuzi 82. Nunua hiyo, ifunge.

Wata pampu. Kuna kitundu kidogo chini ya shafti yake. Maji yakitoka hapo, sili imekwisha. Shika puli uitikise: ikicheza, beringi imekwisha.

Gasketi ya silinda hedi inakuja mwisho, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa na wanaotaka kazi kubwa. Ishara zake: mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta uliyoifungua injini ikiwa baridi na kuiwasha, hosi ya juu kuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji yanayopungua bila tone chini, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Utando mwembamba wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi. Gari la safari fupifupi linaweza kuutoa kwa unyevu tu.

Simama hapa: mshale ukivuka katikati au taa nyekundu ikiwaka (baadhi ya magari madogo kama Vitz hayana mshale), egesha. Usijikokote "mpaka pale Segera". Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, maji yenye presha yanaunguza uso. Usimwage maji ya baridi kwenye injini inayochemka. Hedi ya aluminiamu inapinda. Kwa 1KZ niongeze sauti: hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemshwa, na hedi iliyopasuka haionekani mpaka ipimwe kwa presha kwa fundi wa mashine.

Sasa uamuzi. Kwa gari la kilometa nyingi ambalo hujui historia yake, kifuniko, thermostati, hosi na kulenti vifanyike kwa mkupuo mmoja, na rejeta ikionesha magamba nayo itoke. Gasketi ya hedi haibadilishwi kama tahadhari. Anayefungua hedi isiyo na tatizo ananunua tatizo.

Dalili: oili inapungua

Mzee mmoja wa Hiace aliingia akiwa na hakika injini imekufa.

"Mwanangu, hii gari inakula oili, nimeambiwa nifanye ovahoo."

"Inakula kiasi gani, mzee?"

"Nyingi."

"Mara ya mwisho kuvuta dipstiki ilikuwa lini?"

Akacheka, maana dipstiki huwa inavutwa na kijana wake anayemwaga oili. Neno "nyingi" halina kipimo, na ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuifanya upya, haifanywi kwa neno hilo.

Pima hivi. Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika kama kumi oili ishuke kwenye sampo, bakuli la chini ya injini. Vuta dipstiki, ipanguse, irudishe, ivute tena. Jaza hadi alama ya juu, isizidi, andika kilometa. Rudia ukifikisha kilometa 1,000, mahali pale pale, injini ikiwa katika hali ile ile. Toyota wameandika kwenye vitabu vya magari yao mengi kwamba ukomo ni lita 1 kwa kilometa 1,000. Ukiwa unaongeza nusu lita kwa kilometa 1,000 kwenye gari la laki mbili na nusu, dumu la oili lililo nyuma ya kiti ni nafuu kuliko kufungua injini. Hatari yake ni kusahau: 1NZ nzima inabeba lita 3.7 tu pamoja na filta, kwa hiyo ukiendesha bila kuangalia, lita 2 zikiondoka umebaki na chini ya nusu.

Halafu tafuta inakwenda wapi.

Inavuja. Anza hapo kila mara. Osha injini, endesha siku mbili, ingia chini na tochi. Gasketi ya tapeti kava ndiyo inayoongoza, na oili yake ikishuka kwenye manifoldi unapata harufu ya kuungua ndani ya gari. Kisha oili sili ya mbele ya kranki, gasketi ya sampo, swichi ya oili, na sili ya nyuma ya kranki, ambayo ni ya bei ndogo ila kuifikia ni mpaka gia boksi ishuke. Hiyo ya nyuma ibadilishe siku gia boksi inaposhuka kwa sababu nyingine, hata kama haijavuja. Ni moja ya kazi chache za tahadhari ninazozitetea kwa moyo mmoja.

PCV valvu imeziba. Ni kidude kidogo kwenye tapeti kava chenye bomba la mpira. Kikiziba, presha ya ndani ya injini inasukuma oili kwenye sili na kwenye njia ya hewa. Kichomoe ukitikise: kikilia, mara nyingi ni kizima, kikiwa kimya, kibadilishe kwanza kabla ya kuhukumu ringi. Nimeona gari likitulia kwa hicho tu.

Sili za valvu. Moshi wa bluu unatoka kwa sekunde chache asubuhi ukiwasha, au ukikanyaga baada ya kusimama muda mrefu taa za barabarani, kisha unapotea. Sili hizi zinabadilishika hedi ikiwa mahali pake, fundi akijaza silinda upepo wa kompresa ili valvu zisidondoke. Kama umeambiwa lazima injini ishuke, tafuta maoni ya pili.

Ringi. Moshi wa bluu unafuata mguu: ukivuta nguvu, upo, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, upepo unapuliza mkono. Hata hapo pima kompresheni. Injini iwe na joto, plagi zote nje, koili na injekta zimekatwa umeme, pedali imekanyagwa hadi mwisho, betri yenye nguvu. Petroli nyingi nzima zinasoma kati ya psi 150 na 200, lakini cha maana zaidi ni silinda zilingane. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 hadi 15 si ya kupuuza. Silinda iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili na upime tena. Ikipanda sana, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki kinachukua chini ya saa moja, na anayekushauri ovahoo bila kukifanya anakisia kwa pesa yako.

Ringi zilizogandishwa na masizi huwa zinalegea kiasi ukibadilisha oili mapema, kila kilometa 3,000 kwa awamu mbili tatu. Haziponi zote. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo, kabla ya Toyota kurekebisha pistoni, zina vitundu vidogo vya kurudisha oili vinavyoziba, na hizo mara nyingi hurudia.

Kutia oili nzito ya 20W-50 ili "kuficha" ni desturi ya wauza magari. Kwenye injini iliyopangiwa 5W-30 yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kwa presha ya oili), oili nzito inachelewa kufika kwenye cheni asubuhi, na unaanza ugonjwa wa pili.

Dalili: kelele

Kwanza toa feni belti, washa injini kwa sekunde chache tu, sikiliza, zima. Kelele ikipotea, mwenye makosa ni beringi ya alteneta, puli ya tenshena au wata pampu, injini yenyewe haina hatia. Usiiache iwake bila mkanda huo, kwa injini nyingi ndio unaozungusha maji.

Mkwaruzo wa sekunde mbili tatu asubuhi ukiwasha, kisha kimya, kwa injini ya cheni: oili haijafika kwenye tenshena. Angalia kiwango na umri wa oili, badilisha na filta, uweke yenye valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi. Ikiendelea hadi injini ikiwa ya moto, au taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma kodi za injini ikaonesha P0016, cheni imerefuka. Hapo badilisha seti: cheni, tenshena, gaidi zake, na ukague gia ya VVT-i. Cheni iliyonyamaza kwenye kilometa 250,000 iache, kwa sharti kwamba oili inabadilishwa kwa wakati. Kwa magari yetu, kilometa 5,000 ni kikomo changu.

Tiki tiki nyepesi juu, inayofuata mwendo wa injini: tapeti, au gasketi ya eksozi inayovuja. Ya eksozi hupungua chuma kikipata moto. Si dharura.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukikanyaga: bigendi, pale kono la pistoni linaposhika kranki. Zima. Usiendeshe hata kwenda gereji, litavutwa. Beringi ya bigendi ikikamatwa mapema, kranki inachongwa au inasalimika. Ukiisukuma kilometa chache, kono linatoboa bloku na hakuna tena cha kujadili. Vivyo hivyo taa nyekundu ya oili ikiwaka mwendoni: zima kwanza, uliza baadaye. Kama kiwango kipo na taa bado inawaka, fundi afunge geji ya mkono badala ya swichi ya oili na asome presha halisi. Kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto. Ikisoma vizuri, swichi ndiyo mbovu, na ni ya bei ya chai.

Dalili: nguvu zimepungua au linamisi (silinda moja haichomi sawasawa)

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa mara nyingi injini yenyewe haina kosa. Filta ya hewa kwanza. Vumbi la barabara za Handeni na mashamba ya mkonge linaijaza kuliko kitabu kinavyokadiria. Kisha plagi, koili (hamisha koili ya silinda moja kwenda nyingine, ukimisi ukihama nayo, umeipata), filta ya mafuta, throto chafu, na petroli ya vidumu. Gari linalopumua kwa shida likiwa mwendo wa juu tu, huku eksozi ikitoa upepo dhaifu, limeziba katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Ukimaliza yote hayo ndiyo urudi kwenye kompresheni.

Onyo moja kwa wenye dizeli za komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa) kama 1KD: usilegeze bomba la nozeli injini ikiwaka ili "kusikiliza silinda", kama tulivyozoea kwa 3L. Presha mle inapita bar 1,000, na mafuta yakichoma ngozi yanaingia mwilini. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Kazi za pampu na nozeli zake mpelekee mwenye mashine ya kupimia.

Vipimo vimeshasema injini imechoka

Kompresheni iko chini silinda zaidi ya moja, oili inayoliwa inazidi lita 1 kwa kilometa 1,000, presha ya oili haifiki. Sasa kuna njia tatu, na mafundi wengi watakupa ile wanayoijua wao.

Kubadilisha ringi peke yake, bila kupima silinda, ni pesa ya kutupa. Silinda iliyolika inakuwa ya duara bovu, pana juu kuliko chini, na ringi mpya haiwezi kuziba ukuta wa namna hiyo. Fundi wa mashine apime kwa geji ya silinda kwanza. Ukuta ukiwa ndani ya kipimo, ringi, beringi, sili na gasketi zinatosha. Ukiwa umevuka, ni kuboa (kuipanua silinda) au kutia slivu (ukuta mpya), na hapo gharama inaanza kuikaribia injini nyingine.

Ovahoo kamili ina maana kwa injini ambayo gari lake linastahili, spea zake halisi zinapatikana, na fundi wake ana geji na torki spana. Dizeli za 3L na 1HZ zinalipa. Kwa 1NZ, mara nyingi injini ya mtumba inashinda kwa bei, lakini nayo ni kununua kilometa za mtu mwingine. Usilipe kabla haijapimwa kompresheni mbele yako, hata ikiwa sakafuni: stata na betri vinatosha. Fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi. Kama kuta zimefunikwa na lami nyeusi, iache. Kama inaagizwa kutoka Dar, andikiana na muuzaji muda wa kuijaribu kabla haijapakiwa kwenye basi.

Na kabla haijafungwa kwenye gari, tumia fursa hiyo ikiwa bado juu ya benchi: sili ya nyuma ya kranki, sili ya mbele, wata pampu, thermostati, plagi, na mkanda kama ni ya mkanda. Kila kimoja kinafikika kwa dakika chache hapo. Namba ya injini mpya ipelekwe TRA ibadilishwe kwenye kadi ya gari, pamoja na risiti ya ulikoinunua. Trafiki wa Segera hatakuuliza leo, lakini atakayetaka kulinunua gari hilo kesho ataisoma namba kabla hajataja bei.